Kidonda kinachelewa kupona tangu hedhi ikome: maswali na majibu kuhusu ngozi na mwili wakati wa menopozi

Nina miaka 52, hedhi imesimama mwaka na nusu sasa. Zamani nikijikata na kisu siku chache tu nimeshasahau, siku hizi kijikidonda kilekile kinanikaa wiki mbili na zaidi. Huu ni uzee au naumwa?

Pole kwanza. Mara nyingi sio ugonjwa, ni homoni ya estrojeni imeshuka. Watu wanaijua estrojeni kwa mambo ya hedhi na mimba tu, kumbe ngozi yote inaitegemea, seli za juu kabisa zinaipokea na zile za chini zinazotengeneza kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, nazo zinaipokea.

Sasa angalia kidonda kinavyopona. Damu inaganda, alafu askari wa mwili wanafika kupambana na vijidudu na kusafisha uchafu, ndo maana panavimba na kupata joto, alafu nyama mpya na vimishipa vidogo vya damu vinaanza kuota huku ngozi ikitambaa toka kingoni mpaka ikutane katikati, na mwisho kovu linajipanga upya taratibu, hiyo ya mwisho inaweza kwenda hata mwaka mzima. Estrojeni ina mkono wake karibu kila hatua. Ikishapungua, ile kazi ya kusafisha inapitiliza, askari wanabaki pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa wakimwaga vimeng'enya vinavyokula hata nyama mpya inayojengwa, na ngozi ya pembeni nayo inatambaa kwa uvivu.

Umri nao unachangia, hilo siwezi kukuficha. Ila watafiti walishawahi kuwapaka wazee estrojeni kwenye ngozi, wanawake na wanaume, kisha wakawatia jeraha dogo na kufuatilia, na waliopakwa walipona haraka kuliko waliopakwa dawa isiyo na kitu ndani. Kwa hiyo sio miaka peke yake. Usikimbilie duka la dawa lakini, hilo tutalifikia.

Hiyo kolajeni inapungua kiasi gani kweli? Maana naona ngozi ya mikono imekuwa laini kama ya mtu mwingine.

Inapungua sana, na mwanzoni ndo inapungua kwa kasi. Makadirio yanayotumika zaidi ni karibu asilimia 30 ndani ya miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, baada ya hapo kama asilimia 2 kila mwaka. Ngozi inakuwa nyembamba, mafuta ya asili yanapungua, unyevu haukai, na mishipa midogo ya damu inakosa kitu cha kuishikilia vizuri, ndo unakuta umegonga mkono mlangoni kidogo tu jioni una alama ya damu kuvilia na hata hukumbuki uliumia saa ngapi. Ikiwa alama hizo zinatokea sehemu nyingi bila kugongwa, au fizi na pua navyo vinatoa damu, hapo usiseme menopozi, nenda ukapimwe damu. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu isigande au aspirini mwambie daktari, ila usiziache mwenyewe.

Kama kinapona polepole basi nitabaki na kovu baya?

Hili linashangaza wengi: si lazima. Vidonda vya watu wazima vinachelewa kufunga lakini mara nyingi kovu linatoka jembamba na tulivu kuliko la kijana. Ila kovu halifikii nguvu ya ngozi ya mwanzo, likikomaa kabisa linafika kama asilimia 80 hivi, kwa hiyo mahali palipowahi kuumia pahurumie.

Mimi kidonda nakisafisha na spiriti kila siku mpaka kiwashe vizuri, alafu nakiacha wazi kikauke kipate hewa. Nakosea wapi?

Hapo ndo wengi wanajichelewesha wenyewe na kusingizia homoni. Spiriti na zile dawa za kutoa povu zinaua vijidudu sawa, lakini zinaua na seli mpya ulizozisubiri wiki nzima, na mwanamke wa umri huu hana seli za kuchezea. Kuwasha sio dalili kwamba dawa inafanya kazi. Maji safi yanayotiririka yanatosha, na sabuni laini kwenye ngozi ya pembeni.

Suala la kukausha pia, tumelishika toka utotoni na halina msingi. Mwaka 1962 mtafiti anaitwa George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu linaota ngozi kama mara mbili ya kasi ya lile lililoachwa wazi, maana likikauka linaweka ganda gumu na ngozi mpya inalazimika kupita chini ya hilo ganda kutafuta njia. Kwa hiyo kwa mkato au mchubuko mdogo: osha, kausha pembeni kwa kugusagusa usisugue, paka mafuta mgando safi kiasi, funika na plasta au bendeji, badilisha kila siku au ikilowa. Unyevu ninaousema sio kulowana chapachapa, ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe na imekunjamana ujue umezidisha. Na plasta ibandue taratibu ukiilowesha kwanza, kwa sababu ngozi nyembamba ukiivuta kwa nguvu inatoka nayo, unabaki na vidonda viwili.

Kingine, krimu zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, zikiwemo baadhi ya zile za kung'arisha ngozi ambazo hata lebo haisemi ukweli. Zinakondesha ngozi ambayo tayari imekonda na zinachelewesha kidonda. Kama unapaka na unajiuliza kwa nini huponi, jibu huenda liko kwenye hiyo kopo.

Nitajuaje kwamba sasa sio menopozi tena, kuna kitu kingine?

Naomba swali hili mlisome mara mbili, maana hatari kubwa ya kujua habari za homoni ni kwamba kila kitu kinaitwa menopozi. Kidonda kikichelewa siku kadhaa kuliko zamani, sawa, bora kila ukiangalia kinasogea. Kama baada ya wiki 2 hakijapungua kabisa, nenda ukaonekane, na kikifika wiki 4 hakijafunga huna tena sababu ya kusubiri. Jambo la kwanza kupima ni sukari, kwa sababu kisukari kinaweza kukaa mwilini miaka bila kelele na huu ndo umri wake. Kidonda cha mguuni usihesabu wiki, hasa kama una kisukari au mguu unakufa ganzi, nenda mapema, hapo tatizo linaweza kuwa mishipa ya damu na sio ngozi. Upungufu wa damu na lishe duni navyo vinachelewesha.

Kuna kidonda kinachofunga, kinafunguka, kinafunga tena, au kiupele kinachotoa damu kikiguswa na hakiondoki: hicho kikaguliwe kama si saratani ya ngozi. Na weusi wa ngozi haumkingi mtu kabisa, aina moja mbaya inapenda kujitokeza kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, watu wanadhani wamekanyaga kitu.

Usaha, harufu, joto linalosambaa, homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, hayo ni ya siku hiyohiyo.

Sina kidonda ila nawashwa mwili mzima usiku, saa nyingine kama sisimizi wanatembea, nikiangalia hamna kitu.

Ipo hiyo, na sio kichaa wala mambo ya kurogwa. Ngozi kavu na mishipa ya fahamu inayozoea homoni kushuka inaleta hisia ya kutembelewa na wadudu. Oga maji ya uvuguvugu sio ya moto, usikae sana, acha sabuni kali na zenye manukato, alafu ndani ya dakika chache ukiwa bado na unyevunyevu jipake losheni nzito au mafuta mgando. Kata kucha, maana kujikuna ndo kunazaa vidonda tunavyovizungumzia. Ikiendelea wiki kadhaa, au macho yana umanjano, au unakonda bila sababu, pima damu, ini, figo na tezi ya shingo (thairoidi).

Na huku chini je? Naona aibu kuuliza, tendo la ndoa linanichana na UTI haziishi.

Usione aibu dada yangu, hili ni lilelile, ngozi ya ukeni ndo inayoitegemea estrojeni kuliko ngozi yoyote. Ikikosekana inakuwa nyembamba na kavu, bakteria wazuri wanaolinda uke wanapungua, mazingira yanaacha kuwa na ule uchachu wake, na UTI zinapata njia. Tofauti na mawimbi ya joto, yaani lile joto la ghafla linalopanda mwilini, ambayo kwa wengi yanaisha baada ya miaka kadhaa, hili likiachwa halijiondokei, linaongezeka. Kilainishi cha maji wakati wa tendo, losheni maalum ya uke mara kadhaa kwa wiki, na kama haitoshi daktari anaweza kukuandikia estrojeni ya kupaka au kuweka ukeni, dozi ndogo ambayo kidogo sana inaingia kwenye damu. Aliyewahi kuumwa saratani ya matiti aongee kwanza na daktari wake wa saratani. Acha kujiosha ndani kwa sabuni au dawa, unajichubua bure. Na damu ikitoka ukeni mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma, hata tone, nenda hospitali.

Basi si nimeze homoni tu, ngozi irudi, vidonda vipone?

Tiba ya homoni haitolewi kwa ajili ya ngozi peke yake. Inatolewa kwa mawimbi ya joto makali, kukosa usingizi, kulinda mifupa, na aliyewahi kukoma hedhi mapema kabla ya miaka 40 au 45. Ngozi ikinufaika ni nyongeza. Watu wengi wanaiogopa tangu 2002 ambapo utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa baada ya kuonekana saratani ya matiti na damu kuganda vimeongezeka kwa waliotumia homoni mbili pamoja (estrojeni na projestini), lakini wale wanawake kwa wastani walikuwa na miaka 63. Kwa mwenye dalili, mwenye afya, chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida inazidi hatari. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi au ugonjwa mkali wa ini ni habari nyingine. Hayo ni mazungumzo na daktari, sio kuazimana vidonge na jirani.

Nimepangiwa upasuaji mwezi ujao, hii ngozi yangu inanitia wasiwasi.

Sema ukweli wote mapema: kwamba hedhi imekoma, vidonda vinachelewa, dawa zote unazotumia mpaka za mitishamba. Omba sukari na damu vipimwe kabla. Kama unavuta sigara acha sasa hivi, ikiwezekana angalau wiki 4 kabla, sigara inabana mishipa na oksijeni haifiki kwenye kidonda, na yenyewe inaharakisha hedhi kukoma. Kula protini kila mlo, mayai, samaki, maharage, nyama, usingoje mpaka ushonwe, pamoja na matunda na mboga kwa vitamini C. Waambie wauguzi ngozi yako inachanika na plasta ili watumie aina laini. Na siku ya kutoa nyuzi ukiona wanasema zikae siku chache zaidi usishtuke wala usilazimishe zitolewe.