Madigadi ya baiskeli: angalia kwanza tope la njia yako

Mvua za masika zikianza tu hapa Dar mi najua wiki hiyo kazi itakuwa nini. Wanakuja watu na baiskeli za mtumba, zile nyepesi, Januari na Februari wamezipiga raha mustarehe, sasa Machi imefika. Juzi kaja kijana, shati jeupe, mstari wa tope umeanzia kwenye mkanda umepanda mgongoni mpaka kwenye kola, umenyooka utadhani mtu kapitisha brashi ya rangi. Shikamoo fundi, niwekee madigadi, yoyote tu. Marahaba mdogo wangu, ila "yoyote" haipo.

Kazi hii mi nimejifunzia Shinyanga kwa mjomba, na kule baiskeli sio ya mazoezi, ni gari la nyumbani, inabeba maji, mkaa, magunia, mgonjwa pia. Sasa ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa unanata kama ugali uliotolewa motoni kabla haujaiva. Tairi linaukusanya, linaupeleka juu kwenye madigadi, pale unajazana unakuwa mgumu, mita mia mbele gurudumu halizunguki tena na wewe unabeba baiskeli iliyotakiwa ikubebe. Ndo maana utaona wazee wa kule wanatembea na kijiti wamekichomeka kwenye keria, kazi yake ni kuchokonoa tope tu, na wengine mvua zikianza wanafungua madigadi ya mbele wanaiweka ndani mpaka kiangazi. Watu wa mjini wanacheka. Sio ushamba ule, ni hesabu, wameona bora miguu ichafuke kuliko baiskeli igome njiani.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mteja sio bei wala rangi, namuuliza unapita wapi. Kama ni lami na mchanga wa huku Pwani, basi madigadi ikae karibu na tairi, sentimita moja mpaka moja na nusu inatosha, ikiwa juu sana maji yanaponyoka pembeni na inaonekana vibaya pia. Kama unapita udongo unaonata acha nafasi kubwa, hata sentimita 3, na kama fremu yako haina nafasi hiyo basi mi nakushauri usiweke kabisa hiyo miezi.

Halafu saizi. Hapa ndo pesa za watu zinapotea, maana mtu anakwambia "inchi 26" akidhani kamaliza. Inchi 26 zipo zaidi ya moja! Soma ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zina kistari katikati. Baiskeli ya milima utakuta mfano 50-559, zile za Kijapani zenye kikapu mbele ni 37-590, nazo zote zinaitwa 26. Baiskeli za Phoenix na ndugu zake za inchi 28 ni 40-635. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi. Chukua upana wa tairi ongeza kama milimita 10, huo ndo upana wa madigadi unayotafuta, na mzunguko wake uendane na gurudumu, maana madigadi ya 28 kwenye gurudumu dogo inakaa kama kofia ya baba kwa mtoto.

Chuma, alumini au plastiki? Chuma inapiga kelele na inaota kutu kuanzia kwenye ribiti, lakini ikipinda unagonga inarudi, ikikatika unachomelea. Alumini nzuri ila ikilegea kidogo tu mtikisiko unaipasua pale kwenye tundu la bolti. Plastiki nyepesi, haishiki kutu, jua ndo linaiua. Zile fupi za kubana kwenye bomba la siti zinaokoa suruali tu, cheni na miguu hazihusiki.

Kwenye kufunga mi nina kifaa changu cha kitaalamu: kandambili iliyoisha. Nakata vipande vitatu vya soli, unene wa sentimita na kidogo, navipanga juu ya tairi, kimoja mbele, kimoja juu, kimoja nyuma, halafu naiweka madigadi juu yake kama inavyolala. Kabla ya hapo tairi lijazwe upepo na gurudumu likae katikati ya foku, ile panda inayolishika, la sivyo unapima upuuzi. Bolti ya juu pale kwenye breki naishika kwa mkono tu, mara nyingi ni spana namba 10, zile nati ndogo za miguu ya waya, zile waya za pembeni zinazoishikilia madigadi, ni namba 8. Nikishafunga miguu yote bila kukaza natazama kutoka nyuma kwa jicho moja, naisukuma mpaka tairi lionekane katikati, ndo nakaza, nachomoa kandambili zangu, nazungusha gurudumu nasikiliza. Waya zikibaki ndefu kata na upige msasa, muundi wangu unajua kwa nini.

Kuna kitu mafundi wengi hawaangalii. Gurudumu la mbele linaokota uchafu chini, linaupandisha kwa nyuma yake na kuutolea mbele. Kwa hiyo nafasi isibane kadiri unavyokwenda mbele, ikibana kilichoingia hakitoki. Mi nilijifunza kwa kidevu. Nilikuwa na madigadi ya plastiki nimefunga mwenyewe kwa haraka, kijiti kikaingia pale chini, madigadi ikajikunja kama karatasi, gurudumu likagoma, mi nikaendelea na safari peke yangu. Kovu lipo. Tangu siku hiyo nimeelewa ile klipu ya plastiki inayokuja na baadhi ya madigadi za Ulaya, pale chini kwenye foku, ambayo waya wake unachomoka ukivutwa kwa nguvu. Watu wanaona mbovu wanaifunga na waya wa kufungia nondo ili "ikaze". Jamani usifunge! Imetengenezwa ichomoke, ikichomoka gurudumu linaendelea kuzunguka na meno yako yanabaki yalipo.

Kelele za madigadi dawa yake ni tyubu ya zamani, kata vipande vya duara weka kati ya chuma na chuma. Na kwenye nyuzi za bolti napaka rangi ya kucha kabla ya kukaza, ikikauka nati haitembei ovyo lakini spana inaifungua. Mama watoto ashazoea, kila mwezi anauliza chupa iko wapi.

Basi yule kijana fremu yake haikuwa hata na matundu ya kufungia, nikamwekea klempu zenye raba ndani kwenye foku na bomba za nyuma, zinashika vizuri. Akasema ya mbele aache, hela haitoshi, mgongo ndo tatizo. Nikamwambia maji mengi ya miguuni yanatoka gurudumu la mbele, sio nyuma. Akacheka. Jumatatu karudi kandambili mguuni, viatu kavining'iniza kwenye usukani vinachuruzika. Nikamfungia ya mbele, na pale mwisho nikaribitia kipande cha tyubu kishuke mpaka kama sentimita 10 kutoka ardhini, ni raba tu, ikigusa tuta inajikunja na kurudi.