Sanaa ya kuzama si kuonja kichaa

Msimu wa tamasha ukikaribia hapa Bagamoyo, kila chenye taa za rangi na spika kubwa kinaitwa "sanaa ya kuzama". Hilo navumilia. Linalonishinda ni matangazo ya "njoo ujue mgonjwa wa akili anavyojisikia, dakika kumi tu".

Maana yenyewe ni fupi. Ni kazi ambayo mtazamaji haketi mbele yake, anaingia ndani. Sauti inamjia kwa nyuma, kuta ni sehemu ya kazi, pengine amevaa miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomwonyesha ulimwengu wa kutengenezwa, na anakoelekea ndiko kunakoamua atakachokiona. Basi. Pwani hatukusubiri miwani: ngoma ya kupunga pepo haina viti vya watazamaji. Udi unamfikia kila aliyemo, waitikiaji wamo kazini, na pepo anaulizwa anataka nini mbele ya jamaa wote. (Sisemi ngoma inatibu skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu huweza kusikia sauti zisizokuwepo. Nasema hakuna anayekuja kutazama tu.)

Sasa ugomvi wangu. Kumwigizia mtu dalili ni jambo moja, kumfanya aelewe ni jingine. Patricia Deegan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeambiwa ana skizofrenia akiwa kijana, alitunga zoezi la kuvaa hedifoni zenye sauti za kusumbua. Lakini hakuishia kwenye sauti. Ukiwa nazo masikioni unatumwa ukazungumze na watu, unafanyiwa mtihani wa akili, unahojiwa kama mgonjwa mbele ya daktari. Hapo ndipo penye somo: unajitahidi kujibu vizuri, na anayekuhoji anaona mtu mzito, asiyesikiliza. Wapenda vituko wamechukua sauti, wakaacha yule anayehoji.

Matokeo yake yamechunguzwa. Watu hutoka kwenye mazoezi kama haya ya kuigiza sauti wakiwa na huruma zaidi, ila pia huweza kutoka wakitaka kukaa mbali zaidi na mgonjwa. Mimi sishangai. Umemtia mtu hofu kwenye chumba cha giza, ukamfungulia mlango aende zake. Alijua tangu mwanzo kwamba hedifoni atazivua. Hajaona posa ikirudishwa kwa sababu "kwao wana ugonjwa", hajafungiwa chumba cha uani wageni wakija, hajafuatwa na watoto wakimzomea sokoni. Na hayo ndiyo hasa chumba cha sanaa kinaweza kuyajenga vizuri, kwa sababu yanatendwa na watu, nasi watu tunao.

Ukitaka mfano wa maradhi yaliyogeuka chumba, mtazame msanii Yayoi Kusama wa Japani. Alizaliwa 1929, maluweluwe, yaani kuona visivyokuwepo, yalimwanza utotoni, na tangu 1977 anaishi kwa hiari yake katika hospitali ya akili jijini Tokyo. Vyumba vyake vya vioo alianza kuvijenga 1965. Ukiingia unajiona umekuwa wengi hadi unapotea, wala hakuna anayekudai utoke ukisema sasa unaijua skizofrenia. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua tuingie hadi wapi.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa matangazo, achaneni na onyesho lenu hilo. Pale mlipoandika "anavyojisikia" wekeni "anavyotendewa", kisha mjenge hilo. Na kabla hamjapeleka bango kuchapwa, mpeni alisome mtu anayeishi na maradhi hayo, mumlipe kama mnavyomlipa fundi wa taa.