Kaigo si uuguzi

Kila zinapotajwa manga (vitabu vya katuni) na filamu za katuni za Kijapani zinazohusu wazee, neno kaigo hutafsiriwa "uuguzi". Juzi nimelisikia tena, mtu akimsimulia mwenzake Roujin Z, filamu ya katuni ya 1991 iliyoandikwa na Katsuhiro Otomo: "Ni ya mashine inayouguza wazee."

Kaigo ni kumsaidia mtu ambaye uzee au ulemavu umemzuia kujifanyia mambo ya kila siku: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni. Basi.

Uuguzi kwa Kijapani ni kango. Maneno haya mawili yanaishia herufi moja ya Kijapani, isomwayo go na yenye maana ya kulinda; yanatengana mwanzoni. Kan huandikwa kwa mkono uliokaa juu ya jicho, kama mtu anayekinga jua ili aone vizuri. Ni kumwangalia mgonjwa: homa yake, kidonda chake. Kai ni kuwa kati, na pia kusaidia. Herufi hiyo hiyo imo katika shokai, kutambulisha watu wawili. Anayefanya kaigo anakaa kati ya mzee na kile ambacho mkono wake haukifikii tena. Hata bima ya kaigo, iliyoanza Japani Aprili 2000, hupanga ngazi zake kwa muda wa msaada anaouhitaji mtu. Ukali wa ugonjwa peke yake haumpandishi ngazi.

Na Kiswahili chenyewe kimeshatuonyesha njia. Kuuguza kumetoka kwa kuugua. Pasipo anayeugua, unamuuguza nani? Bibi yangu, miaka yake ya mwisho, hakuwa anaumwa. Alitaka mtu wa kumshika kiwiko pale kwenye kizingiti cha choo, kisha ageuke pembeni amsubiri. Wengine husema "kulea wazee", na hilo linaniuma zaidi. Anayelelewa ni mtoto, anakuzwa. Bibi alishakua, akatukuza na sisi.

Katika Roujin Z tofauti hii ndiyo inayobeba kichekesho chote, kichungu kama kilivyo. Wizara inamtia mzee Takazawa kwenye kitanda chenye kompyuta na kinu cha nyuklia. Kinamlisha, kinamwogesha, kinamsafisha, kinampima. Maofisa wanashangilia. Kumbe mzee anaita, na anayemsikia ni Haruko, mwanafunzi wa kango aliyekuwa akija kwake kumsaidia. Baadaye kitanda kinajivika sauti ya marehemu mkewe na kutoka naye barabarani, kikibomoa kinachokutana nacho, kwa sababu mzee anataka kwenda baharini. Tunawacheka wale walioamini kwamba mtu akishalishwa na kuoshwa, kazi imekwisha. Takazawa mwenyewe hachekwi hata mara moja.

Kwa hiyo ukikutana na kaigo, sema utunzaji wa wazee, au kumsaidia mzee. Uuguzi tuuachie kango.