Koo linauma kumbe ni tezi

Hapa kliniki Moshi tunapokea mtu keshakunywa amoksilini dozi mbili, kapima malaria hana, kapima taifodi hana, mwingine hadi jino keshang'oa na shingo bado inauma. Ukimwambia onyesha kwa kidole panapouma, haonyeshi ndani ya koo, anagusa chini ya kongomeo pale mbele ya shingo, afu anapandisha kidole mpaka kwenye taya na sikio. Hapo tunaanza kuiwaza tezi ya thairoidi.

Tezi hiyo ina umbo la kipepeo, na ikivimba sio lazima utokeze uvimbe mkubwa kama goita tulizozoea kuona kwa bibi zetu. Hii inayouma mara nyingi inakuja wiki kadhaa baada ya mafua, kwa hiyo jikumbushe kama uliumwa. Ikishavimba inavujisha homoni ilizokuwa imetunza, ndo maana moyo unaenda mbio hata umekaa tu, unatoka jasho asubuhi ya Julai wenzako wamevaa masweta, unakula na bado unakonda. Nyoosha mikono, mwambie mtu akulazie karatasi juu ya vidole, ikitetemeka kamwambie daktari. Baadaye homoni zikipungua mambo yanageuka, baridi, uchovu, choo kigumu. Wengi wanarudi sawa baada ya miezi kadhaa, wachache wanabaki na vidonge vya homoni.

Ila wanaoniumiza roho zaidi ni kinamama waliojifungua, manake tezi yao inaweza kuvimba ndani ya mwaka wa kwanza na isiume kabisa. Nyumbani wanasema huo ni uzazi tu, mpikieni mtori. Mtori mpeni, ni chakula kizuri, lakini mtoto ana miezi mitatu minne na mama moyo unamdunda, anatetemeka, au baadaye anasinzia kila saa, anahisi baridi, analia tu hovyo, jamani mleteni apimwe TSH na T4, vipimo vya kuangalia tezi inavyofanya kazi, ni damu kidogo tu ya mkononi.

Usijinunulie antibaotiki, kwa tezi ya namna hii hazisaidii, na kuongeza chumvi yenye madini joto sio tiba yake. Ila homa ikiwa kali na shingo ikawa nyekundu, au ukashindwa kumeza mate au kupumua, usisubiri kuche, nenda hospitali usiku huohuo.