Tarehe 25 Machi na swali la mkunga

Kila Jumapili kwenye Misa, tukifika kwenye Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, huwa tunainama tunaposema, "akapata mwili kwa uwezo wake Roho Mtakatifu, kwake yeye Bikira Maria, akawa mwanadamu." Mara mbili kwa mwaka hatuishii kuinama, tunapiga goti: Noeli, na tarehe 25 Machi, sherehe ya Kupashwa Habari, yaani malaika alipomwambia Maria kwamba atachukua mimba ya Yesu. Ile ya kwanza kanisa hufurika mpaka nje. Ya pili, kwa kuwa huangukia Kwaresima na mara nyingi siku ya kazi, utakuta masista, wazee wachache na mimi. Mwaka 2024 iliangukia Juma Kuu ikasogezwa hadi 8 Aprili, na sidhani kama parokiani kwetu walikuwepo watu kumi waliogundua.

Nafundisha historia ya mafundisho ya Kanisa, na kazi hiyo imenifanya niipende 25 Machi kuliko Noeli. Noeli Yesu alionekana. Alipofanyika mtu, miezi 9 kabla, hakuna aliyeona kitu.

Baada ya semina moja, mama mmoja ambaye ni mkunga alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, mimba ya wiki saba ikitoka, mwenyewe huniuliza kama aliyeondoka ni mtoto. Nimjibu nini?" Nikaanza kumtajia mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, na miaka yake. Akanikatiza: "Kwani Yesu naye hakuwahi kuwa wa wiki saba?"

Alikuwa. Hilo lilikwishaamuliwa kimsingi katika Mtaguso wa Efeso mwaka 431. Nestori, askofu wa Konstantinopoli, alikuwa radhi kumwita Maria Mama wa Kristo, akasita kumwita Mama wa Mungu. Askofu Sirili wa Aleksandria akamkatalia: hakutungwa kwanza mtu wa kawaida, kisha Neno, yaani Mwana wa Mungu, akashuka kumkalia kama mpangaji anayehamia nyumba iliyokwisha kujengwa. Aliyechukuliwa tumboni ni Neno mwenyewe. Ukiacha hata siku moja mwanzoni ambayo yeye hakuwamo, umeshakuwa na mwingine aliyemtangulia, na Umwilisho, yaani Mungu kufanyika mtu, umegeuka kuwa kupanga chumba. Wakatoliki, Waorthodoksi na Walutheri hawagombani juu ya hili.

Ugomvi unaanza hatua inayofuata: kama Kristo alikuwa mtu tangu kutungwa mimba, na sisi je? Wahubiri wengi hudhani jibu linakuja lenyewe. Kwa karne nyingi halikuja.

Kiswahili kinatusaidia kuona tatizo lilipo. Shanga hutungwa, shairi hutungwa, mimba hutungwa. Anayetunga shanga huzitia moja baada ya nyingine. Sasa uzi, yaani roho ya mtu, huwa upo tangu ushanga wa kwanza, au huletwa baadaye?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alisema huja baadaye. Alimfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: kiumbe tumboni huanza na uhai wa namna ya mmea, kisha wa namna ya mnyama, ndipo Mungu humtia roho yenye akili. Aristotle alikuwa ametaja siku 40 kwa mtoto wa kiume na 90 kwa wa kike. (Hapo masista darasani hunikodolea macho, nami husonga mbele haraka.) Tusimlaumu sana Thoma kwa elimu ya viumbe ya zama zake. Yai la mamalia halikuonekana mpaka mwaka 1827, alipolitambua Karl Ernst von Baer. Thoma yeye aliamini mbegu ya baba huifinyanga damu ya mama polepole. Wala asidhani mtu kwamba aliruhusu kutoa mimba. Aliihesabu dhambi nzito, ila hakuiita uuaji kabla roho haijaingia, na tofauti hiyo ilibaki katika adhabu za sheria ya Kanisa hadi Papa Pius IX alipoiondoa mwaka 1869.

Lakini Thoma alijua Efeso ilisema nini. Akafanyaje? Akamtenga Yesu. Katika sehemu ya tatu ya Summa, kitabu chake kikuu cha teolojia, swali la 33, anafundisha kwamba Roho Mtakatifu, kwa kuwa nguvu yake haina mpaka, hakuhitaji siku 40. Mwili wa Kristo ulikamilika umbo na kupata roho papo hapo. Kilichobaki ni kuongezeka ukubwa. Ina maana Yesu wa Thoma hakupitia kabisa hali ya kuwa kiinitete kisicho na mikono wala uso.

Namheshimu Thoma, ila hapa simfuati. Waraka kwa Waebrania 2:17 unasema "ilimpasa kufananishwa na ndugu zake katika mambo yote". Na Gregori wa Nazianzo, akibishana na wafuasi wa Apolinari, waliosema Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu, alishaweka kipimo: ambacho Kristo hakukitwaa, hakukiponya. Kama aliziruka wiki za kwanza, ziliponywa na nani?

Maksimo Muungamadini alikwishaligusa hilo karne sita kabla ya Thoma. Huyu ndiye mtawa aliyekatwa ulimi na mkono wa kuume kwa kushikilia kwamba Kristo ana utashi wa kibinadamu, akafa uhamishoni mwaka 662; si mtu wa kupunguza ubinadamu wa Kristo hata chembe. Mwili na roho, anasema, huanza pamoja. Ukidai kilichomo tumboni ni kama mmea tu, basi baba wa mtu amezaa mmea. Kisha anauita Umwilisho wenyewe kuwa shahidi wake: Kristo alitungwa bila mbegu ya mwanamume, na hilo ni la pekee, lakini ubinadamu alioutwaa ni huu wetu, na mwanzo wake ni mwanzo wetu.

Mkunga wangu hakuhitaji Maksimo. Alikuwa na Injili ya Luka. Malaika anaondoka, Maria anakwenda "kwa haraka" mpaka nchi ya milimani ya Yuda, safari ya siku kadhaa kutoka Nazareti. Elizabeti yuko mwezi wa sita. Maria mimba yake ni changa mno, pengine mwenyewe hajaanza hata kichefuchefu, na tayari anaitwa "mama wa Bwana wangu". Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walifanya kazi nzuri hapa: anayeruka tumboni mwa Elizabeti ni "kitoto kichanga", na wachungaji wanaambiwa watamkuta "mtoto mchanga" horini. Katika Kigiriki neno ni lile lile, brephos, kwa aliyezaliwa na asiyezaliwa. Luka hakuwa akiandika kitabu cha uzazi, kwa hiyo siwezi kumlazimisha ataje saa roho inapoingia.

Hata Roma haijaitaja. Donum Vitae, hati ya Vatikano ya 1987, inadai kiinitete kiheshimiwe kama mtu tangu kutungwa, lakini inakiri kwamba Kanisa halijajifunga rasmi kwa kauli ya kifalsafa kuhusu roho. Inauliza tu: mwanadamu hai anawezaje asiwe mtu? Kenya iliandika katika Katiba ya 2010, ibara ya 26, kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, bila kuingia kwenye habari za roho. Sheria inaweza kufanya hivyo. Mwalimu wa teolojia anaulizwa sababu, na yangu ni ile ya Maksimo, ambayo humshika tu anayekwisha kuamini kwamba Neno alifanyika mwili.

Yule mama nilimjibu kwamba amwambie mwenzake ndiyo, ni mtoto. Akauliza tena kama padre anaweza kumzika mtoto huyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1183, inamruhusu askofu wa mahali kukubali mazishi ya mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla. Akaniomba nimwandikie namba hiyo.