Mfumo unaojirekebisha haukuulizi kama wewe ni wa macho au wa masikio

Wapo wanafunzi wa vyuo vikuu hapa Uganda, na hata wahadhiri, wanaoamini kwamba mfumo wa kujifunzia mtandaoni unaojirekebisha hufanya kazi hivi: unajaza dodoso, unaambiwa wewe ni mtu wa kuona au wa kusikia, kisha unaletewa video au sauti. Mfumo mzuri haufanyi hivyo. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za mitindo ya kujifunza, kama huo wa kuona au kusikia, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha wa kufundisha kwa kuifuata.

Cha kufuata ni kile mwanafunzi anachokijua na asichokijua. Chukua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Makerere aliyekosa swali la uwezekano. Mfumo mzuri haukimbilii kumwekea video. Unampa swali dogo: 3/4 ya 2/5 ni ngapi? Akikosa, tatizo lake ni hesabu za sehemu kama hizo, na huko ndiko arudishwe kwanza. Akipata 3/10, mfumo unatafuta kwingine, labda hajaelewa maana ya matukio huru, yaani yasiyoathiriana. Kila jibu linarekebisha makadirio ya mfumo kuhusu anachokijua mwanafunzi.

Na kuupima? Kuuliza "umeupenda?" hakutoshi hata kidogo, mtu anaweza kupenda asichojifunza kwacho. Wapeni wanafunzi mtihani kabla na baada, kundi moja likitumia mfumo huo, jingine maudhui yaleyale yasiyobadilika, kisha mrudie mtihani baada ya wiki kadhaa. Tena mpimie kwenye simu ya bei nafuu yenye bando dogo, si kwenye kompyuta za maabara tu.