Je, wajua kwa nini mgonjwa hupewa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ilhali uvimbe wa utumbo mwembamba umeshakatwa?

Ukiketi kwenye benchi la kliniki ya saratani, iwe Kisumu au Nakuru, swali hili halikosi kusikika: "Daktari alisema ameutoa wote. Sasa dawa ya nini tena?" Ni swali la haki. Wapo wanaodhani kemo ni dalili kwamba upasuaji ulishindikana, wakakata tamaa na kuacha kurudi.

Mkulima wa Siaya au Busia anaijua kayongo, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi. Hata aling'oe lote, mbegu zake, ndogo kama vumbi, hubaki udongoni miaka mingi zikisubiri. Saratani ya utumbo mwembamba nayo ina tabia hiyo. Kabla ya upasuaji, seli chache huenda zimeshapenya kwenye damu au kwenye tezi za limfu, vijitezi vya kinga ya mwili vilivyo kando ya utumbo, na ni ndogo mno kuonekana kwenye skani. Kemo huzifuata huko huko.

Ndiyo maana kipande kilichokatwa hupelekwa maabara pamoja na tezi hizo. Kwa saratani iliyoanzia kwenye utando wa ndani wa utumbo, tezi zikikutwa na ugonjwa, kwa kawaida kemo hupendekezwa. Zikiwa safi na uvimbe haukuzama sana, mgonjwa huenda akafuatiliwa tu kliniki.

Utumbo huu una urefu wa mita 6 hivi, lakini saratani yake ni adimu, kwa hiyo madaktari hutegemea sana waliyojifunza kwenye utumbo mpana. Mpango mmojawapo ni huu: oksaliplatini kwa dripu siku ya kwanza, vidonge vya kapesitabini wiki 2, wiki 1 ya kupumzika, kisha mzunguko mpya, hadi miezi 6. Wiki ile ya mapumziko ina kazi yake. Dawa hizi hupiga kila seli inayogawanyika haraka, hata zile za uboho zinazotengeneza damu, nazo lazima zipate nafasi ya kujijenga.

Laiti kila familia ingeambiwa mapema kuhusu baridi! Kwa anayetumia oksaliplatini, soda ya friji kwenye joto la Kisumu inaweza kumfanya ahisi koo linabana, na kuishika tu chupa kukamchoma vidole kama sindano. Mpeni uji vuguvugu na maji yasiyopoozwa. Na joto la mwili likifika nyuzi 38, msimpe dawa ya homa mkalala mkingoja kuche. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, huenda zimepungua, na maambukizi madogo yanaweza kumzidi kwa saa chache. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mkifika tu mseme yuko kwenye kemo.